Asiye na Huzuni

...na shingo nimeinamisha vivi hivi, watoto wanne wa Kibaniani wameshika ncha za shuka waibembeza, kichanga kimo ndani chanikodolea macho, na mie mdomo u sikioni mwake na jina halitoki, "Bi Mize, sema basi," asema babake, Jamnadas mshona nguo, kwao mtoto hutiwa jina na shangazi, na dada yake yuko kwao Kachi, Bara Hindi, akanijia mie mkunga, "Weye ndiye uliyempokea, weye ndiye shangazi," ukunga huu umenipa ndugu hata wasiokula yai... na jirani yangu Mwatima pale mlangoni hanyamazi, "Mize, sikio hilo sisi husomea adhana!" namjua, kaja kula ladu zao tamu tu yule... si adhana inizuiayo, ni jina lenyewe, Ashok, nilipouliza maana yake Jamnadas akanambia, asiye na huzuni, moyo ukanipiga pa! watoto wawili wamezika hawa, machozi ya Kanta mkewe nimeyafuta kwa kanga yangu hii, na huyu wa tatu wamwite jina la kujitapa mbele ya mauti? sie hujificha, nilipozika wangu wawili mama alinambia, "Huyu mwite Jaribu, mwanangu, mauti yakipita yadhani hapana cha kuchukua," nikamwita Jaribu, na kila nikimwita nikikumbuka kaburi, usiku nikimwekea kiganja puani nisikie kama apumua... na Jaribu huyo leo yu juu ya mkarafuu, aimba kwa sauti kama ya punda, bonde la pili wamsikia, ashiba, acheka, huzuni haijui hata kwa sura... ee Mola wangu, kumbe Ashok nilikuwa naye nyumbani miaka yote, na mie namwita kwa hofu! "Wacheka nini, Mize?" Mwatima huyo, "Bi, mikono yatuuma!" watoto wa shuka hao, na Kanta pale mkekani hapepesi jicho, akitazama kinywa changu tu, kama atazamaye mlango ufunguliwe... wangu nilimficha, huyu namwombea, jina ni dua, nani kasema dua iombwe kwa woga? Bismillahi nimeshaisema moyoni, haya, lete sikio, dogo, lanukia maziwa, shangazi yako huyu, baba, sikiliza...