Kisima cha Chovai

Swabra alivuta waya wa kipimo kutoka kisima cha shangazi yake, kisiwani Chovai, akasoma namba, akaushusha tena. Jibu lilikuwa lile lile. Chumvi.

Alikuwa amewaambia jamaa zake. Kiangazi kilipoanza kuuma alimpigia simu Walidi, mtoto wa shangazi yake, kutoka Kismayo, ambako yeye Swabra hufanya kazi ya kupima maji ya ardhini. Akamwambia, kisima kikipungua, msichimbe. Chini ya kisiwa maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Ukizidi kwenda chini unaufikia mchuzi. Walidi aliitikia vizuri sana, kisha akashika sururu. Alikulia kambini kwa wakimbizi, bara, na bara maji yakikimbia hufuatwa huko huko chini.

"Maji yapo tele," alisema sasa. "Yana ukali kidogo. Tumeyazoea."

Swabra alikuwa akitazama miguu ya Saada, mke wa Walidi, mwenye mimba kubwa. Vifundo havikuonekana kwa uvimbe. Alibonyeza kwa kidole, kishimo kikabaki. Saada alisema kichwa hakimwachi, na machoni anaona vimulimuli. Swabra naye ni mzazi. Alijua kifafa cha mimba kinavyobisha hodi, na kwamba maji ya chumvi hupandisha presha.

Akamgeukia Shangazi Mwanamwema, mama yake Walidi, aliyewarudisha wote kisiwani kutoka kambini ili azeeke kwao. Alimweleza bila kuzunguka. Kisima kifukiwe mchanga hadi kimo chake cha zamani, kiachiwe mvua, pengine miaka miwili. Visima vya jirani haviwatoshi hata wenyewe. Saada aondoke leo kwa boti iliyomleta yeye, na wengine wafuate.

"Tukakae wapi huko Kismayo? Kwenye mahema?"

"Kwenye mahema, shangazi."

"Vita vilitutoa, nikasema ni vita. Wewe watutoa kwa waya." Shangazi alijifunga leso upya, lahaja ya kisiwani ikamtoka. "Mchu hakimbii kwao mara mbili. Mchukue Saada. Mimi niache na chumvi yangu."

Swabra hakubembeleza. Alimshika Saada mkono, wakaenda botini.

Mtoto alizaliwa Kismayo, hakulia. Saada alipona. Swabra alipiga simu kisiwani akasema hivyo hivyo, maneno machache, maana hakuna namna ya kuyapamba.

Shangazi akauliza wamemzika wapi.

"Huku huku, shangazi. Kismayo."

"Basi nitafutie hema karibu na hapo," akasema. "Walidi amwage mchanga kisimani, tunakuja."