Maneno Mia ya Shemeji

Mpanga kurasa wa kiwanda cha uchapaji alikuwa amemaliza kurasa tisini za kitabu cha Profesa bila kinyongo, mpaka alipofika kwenye mti wa nasaba wa lugha za visiwani. Hapo akaacha kupanga. Lugha ya mama yake ilining'inizwa chini ya lugha ya kisiwa cha pili, na pembeni pameandikwa: lahaja tu. Na lahaja haichapiwi vitabu vya shule. Hilo alilijua vizuri, maana vitabu vya shule hupita mikononi mwake.

"Ee Mungu, nichungie ulimi," aliomba kimoyomoyo, akaubeba ukurasa hadi chumba cha ndani, alikoketi Profesa akisahihisha.

"Profesa, hawa wa kisiwa cha pili si wazazi wetu. Ni majirani."

Profesa akatabasamu. "Mama, masomo ya jioni ya lugha ulianza lini?"

"Mwaka wa pili huu. Lakini lugha hii niliinyonya kabla sijaota meno."

"Basi sikiliza. Tunachukua maneno mia ya kila lugha, jicho, jiwe, mvua, tunalinganisha. Yenu tisini na nane ni sawasawa na yao. Hata mimi nilishangaa."

"Ya kwetu alikupa nani?"

Akafunua daftari. "Mwenye duka la gatini kwenu, pale boti zinapofunga. Mkarimu kweli! Alinipa na kiti."

Mwenye duka ni shemeji yake, mume wa dada! Alitoka kisiwa cha pili, akaoa, akakaa miaka thelathini, na mpaka leo mkewe akimwita kula kwa lugha yake mwenyewe, huuliza, "Unasemaje?"

Hakubishana. Alipiga simu, akaiweka mezani isikike.

"Shemeji, yule mgeni wa daftari ulimpa maneno ya lugha gani?"

"Yangu, shemeji! Ya kwenu ningeyatoa wapi? Wala hakuuliza."

Profesa akavua miwani. "Lakini kitabu kinachapwa kesho..."

"Akipange mwingine! Wajukuu wetu wakose vitabu kwa sababu wewe ulichoka kutembea ukaishia gatini?"

Kisha Profesa, kwa sauti ndogo: "Nani atanipa mia nyingine leo?"

"Mama yangu, yuko kwangu, mtaa wa pili. Meno manne, lugha nzima kinywani. Ila saa hizi anasali, na hakatizwi. Utamngoja mlangoni."

"Nimesimama?"

"Kiti ulishakikalia kwa shemeji."