Ng'ombe wa Bandani kwa Dorkasi

Tobia alikuwa ameshaingia bandani bila hodi, akimkuna ng'ombe nyuma ya sikio kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama bado umejaa.

"Shemeji, mchana kwenye kura usimame nyuma yangu," alisema. "Mkadiriaji wa kodi akiwa mtu wa hapa hapa Malindi, atajua nani ana nini. Wakituteulia tena mtu wa mbali, ataandika hata kuku wa jirani."

Dorkasi hakuacha kukatakata majani. "Mwaka jana alimwandika ng'ombe huyu kuwa wangu."

"Mgeni yule. Angejuaje?"

"Alikuuliza wewe, shemeji. Ukasema humjui ng'ombe huyu."

Tobia alikohoa, akaangalia paa. "Mambo ya mwaka jana hayo."

Malindi hii ya milimani Lushoto ndivyo walivyoishi: mwenye ng'ombe wengi humfugisha asiye naye. Maziwa na samadi vya mfugaji, ng'ombe wa mwenyewe. Tangu mumewe afe, Dorkasi alimlea mwanawe Mika kwa maziwa ya ng'ombe huyu wa Tobia. Na kodi yake akalipa yeye, kwa kuuza viazi vya mbegu.

Mchana, ukungu ukiwa bado umelala juu ya uwanja wa shule, mwenyekiti Athumani alitangaza. Wanaotaka mkadiriaji wa hapa, yaani Tobia, wasimame nyuma yake. Wanaotaka ateuliwe na halmashauri, nyuma ya karani. Watu wakajipanga. Dorkasi akabaki katikati. Mgeni hudanganywa, aliwaza. Na mwenyeji?

"Mama Mika, unangoja basi la Lushoto?" mtu alimtania.

"Nina swali, mzee mwenyekiti. Tobia akichaguliwa, mali yake itakadiriwa na nani?"

Athumani alimtazama karani. Karani akatazama kalamu yake.

"Basi aanze kazi sasa hivi," Dorkasi alisema. "Ng'ombe aliye bandani kwangu ni wa nani?"

Daftari la karani lilikuwa wazi. Tobia aliliona. Akatazama na mstari mrefu nyuma yake.

"Ni wa Mama Mika," alisema taratibu.

"Mmesikia wote?"

Mzee mmoja alicheka, kisha akanyamaza, kama aliyekumbuka ng'ombe wake mwenyewe wako kwa nani. Karani aliandika: ng'ombe mmoja, wa Mama Mika. Dorkasi akaenda kusimama nyuma yake, kwenye mstari mfupi.

Tobia alishinda hata hivyo.

Jioni Dorkasi alimpeleka ng'ombe mtoni. Kwenye njia panda, pale kijia kinapokata kwenda kwa Tobia, ng'ombe alisimama, masikio yameelekea huko. Mtu alikuwa akipiga mluzi nyuma ya miti ya miwati, mluzi wa kuitia mifugo. Dorkasi hakugeuka. Aliizungusha kamba mkononi mara mbili, akasubiri ng'ombe ainue mguu.