Ukurasa Alioruka Jovina

Mwalimu Gaspar wa Mwananyamala alitaka kitu kimoja tu duniani: kuliona jina lake kwenye jalada la kitabu. Alitunga hadithi ya mapenzi, akaipiga taipu mwenyewe, akatoa nakala hamsini na kuwauzia wanafunzi wake wa twisheni. Ukurasa wa kwanza aliweka jina lake, na chini yake onyo kali: "Ni marufuku kunakili." Onyo lenyewe, jamani, alikuwa amelinakili kutoka kitabu cha mtu mwingine!

Mwaka wa tisini na nne akaipeleka hadithi kwa mchapishaji mjini. Mhariri, Mzee Albano, akavuta mtoto wa meza na kutoa fotokopi iliyobanwa pini.

"Hii inauzwa Mwenge mwaka mzima, haina jina la mtu. Wewe umebandika lako tu. Mwalimu mzima, huoni haya?"

"Mzee, haki ya Mungu, ni yangu!"

"Basi niletee shahidi."

Gaspar mbio hadi Mwenge, kwa Jovina mwenye mashine ya fotokopi. Walijuana vizuri. Vitabu vyake vyote vya kufundishia vilitoka kwenye mashine hiyohiyo, na hakuwahi kuuliza hata kimoja kama kina mwenyewe. Leo sasa aliingia akifoka.

"Jovina, umeniua! Jina langu liko wapi?"

Jovina, mwanakwaya asiyejua uongo, akamshangaa. "Ukurasa ule sikuutoa, mwalimu. Si umeandika marufuku? Mie kurasa zenye marufuku naziachaga zote. Siwezi kuvunja amri ya mtu."

Gaspar akaketi juu ya boksi la karatasi, hoi. Matusi yalimjaa kinywani, lakini amtukane vipi, na shahidi ndiye huyohuyo? Akayameza, akambembeleza amwandikie barua. Jovina akaandika kwa moyo wote:

"Nathibitisha kuwa mtunzi ni Mwalimu Gaspar. Kitabu nililetewa na mwanafunzi wake. Nimeshatoa nakala elfu moja na mia mbili, na watu bado wanakuja."

Kesho yake Mzee Albano aliisoma barua mara mbili. Akasimama, akampa mkono.

"Nisamehe sana, mwalimu. Kumbe ni wewe kweli!"

Gaspar nusura arukeruke. Hatimaye!

"Ila sasa," mzee akaendelea, "nikikichapa nitamuuzia nani? Kuanzia Mwenge hadi Temeke wameshakisoma." Akamrudishia hadithi yake, taratibu, kama anayempa pole ya msiba. "Fotokopi hii ni ya mke wangu. Kaisoma hadi karatasi zimelegea. Anauliza, cha pili kitatoka lini?"

Gaspar hakujua ashukuru au alie. Miaka mitatu alikesha akiisubiri siku ya kuulizwa swali hilo.

"Mwambie," akasema, "nimeshakianza."

"Vizuri," mzee akasema. "Basi kikiwa tayari, Jovina atatujulisha."