Jiwe Zito la Bi Ngam

Mawe saba yalitoka mtoni salama. La nane lilitoka vipande viwili.

Lieng aliviweka vile vipande kwenye nyasi akavitazama. Hakulivunja yeye, mafuriko ya mwaka uliopita ndiyo yaliyolivunja. Lakini zilibaki siku nne tu kabla ya sherehe ya kuliacha kaburi la mama yake, na lililovunjika lilikuwa lile zito, lenye sauti ya chini kuliko yote.

Katika nyumba yao, mwenye mawe akifa, mawe huteremshwa kutoka shambani na kulazwa mtoni yanyamaze pamoja naye. Enzi za uhai wa mama yake, Bi Ngam, mabamba yale manane yalining'inia juu ya mfereji kwa kamba za henzirani, yakigongwa na nyundo za mwanzi zilizosukumwa na maji, usiku na mchana, yakifukuza nguruwe mwitu na kubembeleza watoto. Alipofariki yakanyamazishwa, na kwa miaka miwili nguruwe walijilia mpunga kama mali ya mama yao. Siku ya kuliacha kaburi, mawe hupigwa kwa mkono ili marehemu aisikie nyumba yake na kuiaga. Pigo la mwisho ni la binti, kwenye jiwe zito. Sauti ikiisha, marehemu amekwenda, na hakuna atakayempelekea chakula tena. Asiposikia, haendi.

Na Bi Ngam alikuwa hajaenda. Tangu mvua zianze, Lieng alimwota amesimama mlangoni, haingii wala haondoki, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Jambo hilo lilimchoma moyo. Mwanamke aliyepanda na kushuka milima ile maisha yake yote hakustahili kusimamishwa mlangoni.

Mjomba wake Rieu, ndugu wa mama yake, ambaye neno lake lilikuwa la mwisho katika ukoo, alivigonga vile vipande akatikisa kichwa. Akasema waahirishe mpaka mavuno ya mwaka ujao. Hoach, mume wa Lieng, akakumbusha kwamba mitungi kumi na miwili ya pombe ya mchele ilikwisha iva, na mashemeji wa mabonde matatu walikuwa njiani. Mjomba akamuuliza anahurumia mashemeji au mitungi. Hoach alihamia kwa mkewe kama wanaume wote wa huko, na utani wa wajomba alikwisha uzoea. Akajibu kwamba anahurumia mitungi, maana mashemeji wana miguu ya kuwarudisha.

Lieng hakucheka. Alisema atatafuta jiwe jingine.

"Wewe?" alisema mjomba. "Mama yako alilitafuta hilo miaka sita. Na wewe mwanangu, usinichukie, hujawahi kutofautisha jiwe na sufuria."

"Basi nitaleta sufuria, Mjomba."

Akaingia mtoni na rungu dogo la mti mgumu, akaanza kugonga. Mawe ya mto ule ni mengi kuliko watu wote waliowahi kufa pale, na karibu yote ni mabubu. Yalisema *ka*, yakanyamaza. Machache yalilia kidogo, kisha yakakatika kama mtu aliyekumbuka kwamba yuko msibani. Siku ya pili kiganja kilimtoka malengelenge. Mjomba alipita ukingoni, akamkuta ameinama, akamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini alimwachia mahindi ya kuchoma, na hakumtania tena.

Siku ya tatu Lieng alikata tamaa. Alikaa juu ya mwamba chini ya maporomoko, miguu majini, akamlilia mama yake kwa sauti kubwa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Alilia mpaka akachoka. Alipochoka alinyamaza, rungu likiwa mapajani, na katika kimya kile akasikia kitu.

Chini ya mngurumo wa maji palikuwa na mlio. Mmoja, mwembamba, halafu mwingine juu yake. Kisha, baada ya muda mrefu, mmoja mzito uliokuja kama kutoka tumboni mwa mlima. Lieng alizuia pumzi. Ikaja tena, ule mwembamba, ule wa juu yake, na ule mzito. Maji yalikuwa yakinyanyua mabamba na kuyaangusha, taratibu, bila nguruwe wa kumfukuza wala mtoto wa kumlaza. Hakuna aliyeyatundika. Mto ulikuwa ukijipigia wenyewe, na ulikuwa ukijipigia kabla babu wa mababu hajaja na kamba zake za henzirani. Nywele zilimsimama. Aliogopa, na wakati huohuo hakutaka kuondoka pale kamwe. Siku tatu alikuwa akiupigia mto kelele kwa rungu lake, nao ukimvumilia.

Akatambaa majini kuufuata ule mlio mzito. Alipoligusa bamba lile, mtetemo ulimpanda mpaka kiwikoni. Mtoni hakichukuliwi kitu bure. Akavua bangili yake ya shaba, akaiacha mahali pa jiwe.

Hoach alilibeba mpaka nyumbani, akilalamika kwamba mkwe wake hakuwa mzito kiasi hicho. Mjomba akalitundika, akaligonga. Sauti ilikuwa ya chini kuliko ile ya zamani. Akachukua nyundo, akamega ukingo kidogo, akasikiliza. Akamega tena, akasikiliza. Mara ya tatu vilevile, na sauti ikapanda. Mara ya nne aliinua nyundo, kisha akaishusha.

"Bado liko chini kidogo," alisema Hoach.

"Liko chini. Nikiongeza pigo moja mtaokota kokoto. Dada yangu atalisikia hivihivi."

Asubuhi ya sherehe watu wa mabonde matatu walilizunguka kaburi, ambalo paa lake lilikwisha pambwa kwa mashua ndogo ya mti. Wanawake wa ukoo waliyapiga mawe saba, kila mmoja na lake, na hata walevi waliiacha mirija ya mitungi. Kisha Lieng akalipiga jiwe zito.

Sauti ilitoka ikashuka ardhini, watu wakaisikia kwa nyayo. Ikapanda mteremko, ikarudi. Hakuna aliyekohoa. Kwa desturi yao hakuna anayesogea mpaka binti aseme kwamba imekwisha.

Ikafifia. Mjomba alikuwa amefumba macho, akayafumbua. Watu wakaanza kumtazama Lieng.

"Bado," alisema Lieng.

Wakangoja. Nyama ikapoa. Alijua kwamba imekwisha. Siku tatu alitafuta jiwe la kumwondoa mama yake mlangoni, na hakuwahi kufikiria mlango wenyewe utakavyokuwa bila mtu.

"Bado."

Mjomba alimsogelea, akaweka kiganja juu ya jiwe. Lilikuwa limetulia kabisa. Hakumwambia.

"Mwanangu," alisema polepole, "njia yake ni ndefu. Mwache awahi."

Lieng alilitazama kaburi, akawatazama watu.

"Imekwisha," alisema, na hapo ndipo alipofiwa.