Alfajiri ya Saa Tano

TANGAZO RASMI. Kufuatia uchunguzi wa kina, Kamati ya Afya ya Mabweni imebaini kuwepo kwa kunguni katika bweni la kidato cha nne. Mablanketi yote yaachwe juu ya vitanda Ijumaa asubuhi ili yapuliziwe dawa. Wananchi watulie.

Kamati hiyo tukufu ilikuwa na mwanachama mmoja, Frankline wa kidato cha tatu, na uchunguzi wa kina aliufanyia chooni kwa kalamu ya kuazima. Kunguni hawakuwapo. Kilichokuwapo ni jua.

Jua lilikuwa adui wa Frankline tangu aanze kubuni mwanga wa jukwaani, kazi ambayo pale shuleni hakuna aliyekubali kuwa ni kazi. Kidato cha kwanza alishika tochi. Kidato cha pili alifika na mchezo hadi mashindano ya Migori, akiwa na taa nne alizozitia kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia na kuzifunika kwa karatasi za rangi za kufungia zawadi. Wakaigiza saa nane mchana, madirisha wazi, ukumbi unawaka kama uwanja wa mpira. Jaji alisifu sauti, akasifu mavazi, akasifu hata kuku aliyekatiza jukwaani akitafuta njia yake. Kuhusu taa alisema neno moja tu, tena mlangoni: "Kijana, hizi mikebe unauza?"

Sasa mashindano ya kaunti ndogo yalikuja kwao Ndhiwa, katika ukumbi wao wenyewe, na Madam Phelesia, mlezi wa kikundi cha maigizo, hakumficha.

"Jaji asipotaja taa mwaka huu, tukienda Homa Bay kiti chako kwenye basi anakalia mpiga kayamba."

"Lakini Madam, bila giza taa itaonekanaje?"

"Basi mwombe Mungu azime jua. Wewe ni fundi wa stima tu, kijana wangu."

Fundi wa stima! Neno lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Ndiyo maana Ijumaa, kidato cha nne wakiwa kwenye mtihani, Frankline alibeba mablanketi yao thelathini na moja, akayafunga kwenye vyuma vya madirisha ya ukumbi, moja baada ya jingine, jasho likimtoka.

Mchezo wao ulimhusu mama anayekesha kwenye mdomo wa mgodi wa dhahabu ulioporomoka, akimngoja mwanawe. Ulianza saa tano asubuhi, katika giza la kaburi. Ilipofika zamu yake, Frankline alivuta kamba taratibu, kipande cha bati kikasogea mbele ya taa, na mwanga wa rangi ya chungwa ukatambaa kwenye paji la uso wa mama yule. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Yawa, kumekucha!"

Jaji Magige alisimama kutoa maoni. Hakutaja mavazi.

"Miaka kumi na miwili nahukumu michezo, sijawahi kuona alfajiri saa tano. Ni nani alitengeneza ule mwanga?"

Frankline akainuka nusu. Hapo akamwona Boaz, kiranja wa bweni la kidato cha nne, aliyekuwa ametoka mtihani, amekodolea macho dirisha la tatu. Dirisha lilikuwa limevaa blanketi la Boaz, na jina lake limeshonwa kwa uzi mweupe. Kando ya kiranja huyo alikaa Mwalimu Ogeto, naibu wa mkuu wa shule, ambaye alikuwa ameshatuma mtu Oyugis kununua dawa ya kunguni. Frankline akakaa.

Clifford, mpiga ngoma, akasimama badala yake, mkono kifuani. "Ni kazi ya kikundi, jaji. Tulishirikiana tu."

"Safi sana," jaji akasema, akaanza kuandika.

Frankline alivumilia herufi mbili, labda tatu.

"Kikundi gani, omera?" Sauti ilimtoka kabla ya akili. "Clifford hata swichi haijui! Alfajiri ni yangu! Taa ni mimi, bati ni mimi, kamba ni mimi!"

"Na giza?" Mwalimu Ogeto aliuliza polepole, macho yakiwa madirishani.

Kalamu ya jaji ilikuwa imesimama hewani.

"Giza pia ni mimi, mwalimu. Mablanketi ni mimi. Wale kunguni niliwaandika mwenyewe, na sikumshirikisha mtu." Akageukia meza ya jaji. "Lakini naomba jaji aandike kwanza, halafu ndiyo nije ofisini."