Viti Vinne vya Mito ya Kijani

Ofisini wananiita Kimuhemuhe na wanadhani sijui. Najua, na sina la kujitetea. Nina kiti kizuri cha kuzunguka, na tangu niwe mkuu wa idara ya watoto na familia nimekikalia labda mara tano. Nasoma nimesimama, nasaini nimesimama, simu napokea nikitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Na Ijumaa ile nilikuwa nimezidi, maana saa sita mchana orodha yangu ilikuwa inaingia kwenye kamati.

Orodha yenyewe ni hivi. Halmashauri yetu ina kituo cha kulelea watoto wadogo, wale ambao bado hawajafika umri wa shule. Familia za kipato cha chini hazilipi kitu: mtoto analetwa asubuhi, anakula, anacheza, analala, mama anakwenda kazini na roho yake imetulia. Nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi, kwa hiyo kila mwaka tunapita nyumba kwa nyumba na fomu. Anayeonekana hali yake imenyanyuka anatoka ili mwingine aingie. Kamati ikishapitisha, imepita, hadi mwaka mwingine.

Fomu niliibuni mimi. Nilikuwa naionea fahari, sitaficha. Ya zamani iliuliza watu wana kipato gani, na watu wakajibu walivyojisikia. Ya kwangu haiulizi, inatazama: sakafu, paa, kabati, viti, na kila kitu kina alama zake. Tena nikaongeza jambo moja la ustaarabu, kwamba familia ipelekewe taarifa siku moja kabla. Kwa nini tuwavamie watu kama wezi? Wenzetu wa halmashauri jirani walikuja kuinakili fomu ile, na nikawapa huku najifanya si kitu.

Saa mbili asubuhi Mama Pacha akawa mlangoni kwangu. Anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, mikono yake imeparara hadi viwikoni. Pacha mmoja mgongoni, mwingine chini anatafuna kola ya shati lake.

"Shikamoo, mkubwa," akasema. Kwa umri tunalingana, lakini ofisi inazeesha watu. "Nimeambiwa wanangu wametolewa kituoni."

Nikavuta fomu yake, nikaisoma nikitembea. "Mama, hapa umeandikwa una viti vinne vya mbao vyenye mito, kitambaa cha kijani. Una kabati la vyombo. Una zulia. Kuna watu kwenye foleni hawana hata mkeka. Sasa na mimi nifanyeje?"

Nilisema kwa ukali. Ndivyo nilivyo, nikiwa na haraka ulimi wangu hauna breki. Nikasubiri anijibu, maana hakuna anayetoka ofisini kwangu bila kujibu. Watu hulia, hutukana, huapa kwa mama zao waliokufa na walio hai. Yeye akatazama chini, akampandisha vizuri yule wa mgongoni.

"Basi, mkubwa. Kama vimeandikwa, vimeandikwa."

Akaondoka. Nikabaki na fomu mkononi. Mtu ananyang'anywa nafasi mbili kwa mpigo na hatoi hata neno? Nikaenda dirishani. Nikarudi. Nikafungua faili la mtaa wake, nikaanza kupekua fomu za majirani.

Viti vinne, mito ya kijani. Nikafungua nyingine. Viti vinne, mito ya kijani. Nikajiambia labda kuna duka liliuza kwa jumla. Ya tatu ilikuwa imejazwa kwa makini zaidi: "Viti vinne, mito ya kijani, mmoja umeungua pasi." Ya nne: "mmoja umeungua pasi." Nilipofika ya kumi na moja nilikuwa natokwa na jasho kama niliyepandishwa ngazi.

Nikamwita afisa aliyepita mtaa ule. Tunamwita Rula, kwa sababu hata chai anainywa kwa mstari. Hana uvivu, hana rushwa, na hana akili ya mtaani hata chembe.

"Rula, nyumba hizi kumi na moja ulikaribishwa kiti?"

"Kila nyumba, bosi. Wakarimu sana wale."

"Ulikalia kipi?"

Akafikiri. "Kile cha mto ulioungua."

"Nyumba zote?"

Nikamwona anahesabu moyoni, kisha uso ukamshuka. "Nilidhani ni fasheni," akasema.

Ningeweza kucheka. Siku nyingine ningecheka hadi nishike ukuta. Lakini nilikuwa nimeshayaona yote: taarifa yangu ya kistaarabu inafika, mgeni anakuja kesho saa nne, na ndani hakuna pa kumkalisha. Unafanya nini? Unaazima. Mgeni akitoka tu, viti vinatoka kwa mlango wa nyuma vikimuwahi kwenye nyumba ya pili. Sikuhitaji kuelezwa na mtu. Kiti cha kuazima nilikibeba mimi kichwani nikiwa na miaka saba, nikikimbia uchochoroni ili nimtangulie mgeni wa mama yangu. Halafu nikakua, nikasoma, nikapewa ofisi, nikakaa nikaandika: kiti, alama tano.

Saa nne kasoro. Nikampigia mwenyekiti wa kamati simu, akasema niache maneno, nilete maandishi. Nikamkamata Rula mkono, tukatoka kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma anahema.

Mama Pacha anakaa chumba kimoja kwenye ua wa wapangaji. Safari hii hatukuleta taarifa. Mlango ulikuwa wazi: godoro limesimamishwa ukutani, ndoo mbili, beseni, jiko, nguo za watoto kwenye kamba. Basi. Kabati halikuwepo, zulia halikuwepo. Nilipopiga hodi aligeuka, na uso wake ulivyobadilika nilitamani ardhi inifunike.

"Karibuni. Ngojeni, ngojeni kidogo, msiingie." Akatoa kichwa uani. "Fundi! Nina wageni!"

"Mama, hatukuja kukaa."

"Mgeni hasimami kwangu."

Haikuchukua hata dakika mbili. Fundi cherehani, mama mnene mwenye sindano kifuani, akaja na kiti kila mkono, na nyuma yake wanawake wawili na viti viwili vilivyobaki. Vikawekwa. Rula, kwa mazoea, akaenda kwenye mto ulioungua. Nikamtolea macho akaruka kama ameketi juu ya kaa la moto. Nikaukalia mimi. Sikumbuki lini nilikaa muda mrefu vile.

"Mama Pacha," nikasema, "sema tu hivi viti si vyako. Sentensi moja. Mimi naandika, wewe unatia sahihi, saa sita inasomwa, wanao wanarudi kituoni."

"Inasomwa mbele ya nani?"

"Kamati."

"Kwenye kamati wamo watu wa mtaa huu." Akatazama mikono yake. "Mume wangu alipoondoka, wengi walioniheshimu waliondoka naye, mkubwa. Kilichobaki ni mlango wangu. Mtu akigonga, anakaribishwa, anakaa. Sasa uende ukawasomee kwamba sina hata kigoda? Nitapita wapi mimi?"

"Huna, mama!" Ulimi ukanitoka tena. "Huna, na ndiyo maana mpango upo!"

"Andika nina nusu ya kiti. Lakini usiandike sina."

Wale wanawake wakacheka kidogo, naye akacheka, na kicheko kikafa hapohapo. Nikamuuliza, Jumatatu akienda kufua watoto atawaweka wapi? Fundi akasema angewachukua, lakini chumba chake kina mikasi, sindano na pasi ya mkaa.

"Nitawafungia ndani," Mama Pacha akasema. "Nitawaachia maji. Nitawahi kurudi."

Kufuli lilikuwa dirishani, jipya, bado lina kibandiko cha dukani. Katika kazi hii nimewahi kuitwa kwenye vyumba vilivyofungwa namna ile, na nilichokikuta sitakiandika hapa. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Hasira yote niliyokuwa nayo juu ya ukaidi wake ikageuka ikanirudia mimi. Mwanamke huyu amefanya kosa gani? Nimemwambia nakuja, akanitafutia kiti.

"Usitie sahihi chochote," nikamwambia. Nikachukua kalamu ya Rula, nikaandika palepale, karatasi juu ya goti, kwamba idara yangu imehesabu viti vinne mara kumi na moja, na kosa ni la fomu na la aliyeibuni. Nikatia sahihi yangu. Jina la familia sikuliweka hata moja.

Tuliingia ukumbini saa sita na dakika nne. Watu kumi na wanne, feni moja, na katibu anayeandika kila neno hata mtu akipiga chafya. Nikasoma. Nilipofika kwenye habari ya Rula na mto wake, ukumbi ulivunjika mbavu. Mwenyekiti, mstaafu wa posta, alicheka hadi akavua miwani. Halafu akaivaa.

"Kwa hiyo wametudanganya," akasema. "Familia kumi na moja zimeonyesha mali ya watu. Huo ni udanganyifu. Wafutwe, na wasirudi tena kwenye mpango."

Vichwa vikaanza kutikisika, ndiyo, ndiyo. Nilikuja kuwarudisha kwa mwaka mmoja, sasa wanafutwa maisha.

"Hawakudanganya," nikasema. "Anayedanganya ili apate msaada anaficha kiti. Hawa wameleta viti vikawakosesha. Waliambiwa mgeni anakuja. Mlitaka wamkalishe kwenye ndoo?"

"Wewe unajuaje kilichokuwa moyoni mwao?"

Ningeweza kusema nimefanya utafiti. Ningeweza kusema uzoefu wa kazi. Walikuwa wananitazama, na saa ya ukutani nayo.

"Kwa sababu vya kwetu nilivibeba mimi," nikasema. "Mnamjua mama yangu. Yule anayekaa mstari wa mbele kila mkutano wa mtaa, ambaye hata wewe, Mwenyekiti, unamwamkia kwanza. Alikuwa hana kiti hata kimoja. Kila mgeni aliyekuja kwetu alikaa kwenye kiti cha jirani, na mimi ndiye niliyekibeba. Mkitaka kufuta wadanganyifu, anzeni na yeye."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia kalamu ya katibu inakimbia.

Walinijadili, wakanipa onyo la maandishi, wakaizika fomu yangu. Orodha ikarudishwa. Nyumba zote zitapitiwa upya, na hadi hapo hakuna mtoto anayetoka. Rula alitoka mbio kwenda kumwambia Mama Pacha awalete wanawe Jumatatu kama kawaida. Mimi nilibaki ukumbini nikikusanya karatasi, na katibu akaniambia kwa upole kwamba muhtasari wa kikao utabandikwa ubaoni Jumatatu asubuhi, kama ilivyo desturi.

Ubaoni. Pale nje, ambapo mtaa mzima unapita.

Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Mama Pacha nimemsitiri, na sitara yenyewe nimeivua kwa mama yangu.

Nilifika nyumbani jua bado lipo juu. Mama alikuwa sebuleni kwenye kiti chake. Kiti hicho nilimnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza, na mtu mwingine akikikalia anaulizwa kama amepotea njia. Alikuwa anakunja nguo. Nikazunguka meza mara mbili, nikaenda jikoni, nikarudi bila kitu.

"Kaa, wewe," akasema. "Unanitia kizunguzungu."

"Mama, vile viti tulivyokuwa tunaazima, vilikuwa vya nani?"

Mikono yake ikasimama juu ya shuka. "Viti gani?"

"Vya wageni. Nilipokuwa mdogo."

"Kwangu hakujawahi kuazimwa kiti." Alilisema bila kunitazama, sauti imenyooka. "Nani kasema?"

Nilikuwa na Jumamosi nzima na Jumapili nzima za kunyamaza. Lakini ubao usingenyamaza.

"Mimi, Mama. Nimesema leo kwenye kamati, mbele ya watu kumi na wanne. Na imeandikwa."

Nikamweleza yote, nimesimama katikati ya chumba kama mwanafunzi. Pacha, kufuli, udanganyifu, Mwenyekiti. Alisikiliza hadi mwisho. Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja upya. Nilitamani anitukane.

"Uliwaambia tulivirudisha?" akauliza.

"Nini, Mama?"

"Viti. Uliwaambia tulivirudisha siku ileile, vyote, na kwamba nilivifuta vumbi kwanza?"

"Hapana, Mama. Sikusema."

"Jumatatu," akasema, "kabla hawajabandika, uende ukawaambie waandike na hilo."